Pointi 30 zilizozama Marseille: barua ya wazi kwa wakuu wa World Sailing

Lamu, 12 Agosti 2024

Kwa Mheshimiwa Quanhai Li, Rais wa World Sailing, chama cha dunia cha mchezo wa matanga, na wajumbe wote wa Baraza, London.
Nakala kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu, nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kwayo majina ya pepo. Mkalimani mtampata. Sisi huku tumekwisha kuzoea kutafuta wakalimani wa kanuni zenu.

Michezo ya Paris imefungwa jana. Barazani kwetu watu bado wako kwenye mbio za miguu, na wana haki: Beatrice Chebet ana dhahabu mbili, Emmanuel Wanyonyi ana yake, Faith Kipyegon ameshinda mita 1500 katika Olimpiki ya tatu mfululizo. Usiku wa 5 Agosti, Kipyegon alipovuliwa fedha ya mita 5000 kisha akarudishiwa, hapa hakulala mtu. Nilikuwa nao. Lakini siku mbili kabla ya usiku ule, Jumamosi ya tarehe 3, nilikuwa peke yangu na simu, bando likiyoyoma, nikitazama wanawake watatu waliosimama juu ya mbao zenye matanga katika bahari ya Marseille. Mbio ilipokwisha nilibaki nimeikodolea simu macho. Jambo lile halijanitoka mpaka leo.

Niseme mapema kwamba sina mtu wangu mle. Kenya haikupeleka baharia hata mmoja, na jirani zetu Tanzania vilevile, ingawa pwani yetu ina upepo wa kugawia watu. Hilo lina barua yake siku nyingine, na haitakwenda London. Leo nazungumzia kanuni yenu ya fainali.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya atakayesoma bila ya kuujua mchezo huu. Mbio za ubao wa tanga kwa wanawake zilikuwa na washindani 24. Hushindana mbio nyingi kwa siku kadhaa. Wa kwanza katika kila mbio huandikiwa pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Mbio zako mbovu kabisa hufutwa, na mwenye pointi chache ndiye aliye mbele. Mbio zenyewe si za namna moja. Ziko za kubisha upepo mpaka boya la juu na kurudi nao nyuma, ziko za kuuchukua upepo ubavuni kwa kasi kutoka boya hadi boya, na iko ya masafa marefu inayokausha mikono. Yaani mtu hupimwa kila upande.

Emma Wilson wa Uingereza, binti wa miaka 25, aliwatoka wenzake mapema na hakurudi nyuma. Hatua ya kwanza ilipofungwa alikuwa ameacha pengo ambalo, kwa hesabu za zamani za mchezo huu, lingemfanya aingie siku ya mwisho akipiga mluzi.

Siku ya medali ilikuwa iwe 2 Agosti, upepo ukakataa, ikasogezwa hadi tarehe 3. Hapo ndipo kanuni yenu inapofanya kazi. Kumi bora wanaingia. Wa nne mpaka wa kumi wanakwenda robo fainali, wawili wanapita. Hao wawili wanawakuta wa pili na wa tatu katika nusu fainali, wawili wanapita tena. Hao nao wanamkuta wa kwanza, ambaye muda wote huo amekaa anawasubiri. Watu watatu, mbio moja, dakika chache, na pointi zote za nyuma zimefutika kama maandishi ya mchangani maji yanapojaa. Marta Maggetti wa Italia akachukua dhahabu, Sharon Kantor wa Israel fedha. Wilson, shaba.

Alipofika mbele ya waandishi wa habari, Wilson alisema anadhani ameachana na mchezo huu. Alieleza kwamba katika mashindano ya dunia alikuwa mbele kwa pointi 60 akamaliza wa pili, na safari hii alikuwa mbele kwa 30 akamaliza wa tatu, na kwamba si sawa kumweka mtu katika hali hiyo kila mara. Mashindano hayo ya dunia yalifanyika Lanzarote mwanzoni mwa mwaka huu huu, na dhahabu ilikwenda kwa Kantor. Kwa hiyo mlikwisha kuoneshwa. Mlikuwa na miezi kama sita ya kulitazama jambo hilo, mkaja nalo Marseille vilevile lilivyo.

Tafadhalini, mtu asiigeuze barua hii ikawa ya kumvunjia heshima Maggetti. Huyu si mgeni aliyeokota dhahabu ufukweni. Alikuwa bingwa wa dunia wa ubao huu huu mwaka 2022, na Tokyo alimaliza wa nne, nafasi inayouma kuliko ya ishirini. Alipewa kanuni akaifuata, akashinda. Dhahabu ni yake na namwombea aivae kwa furaha. Mlioiandika kanuni ndio ninaosema nanyi.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kwetu nahodha hakupimwa kwa siku moja aliyoingia gatini. Wenye mali walimuuliza misimu: kaskazi ngapi ameshuka nazo, kusi ngapi amerudi nazo, shehena iliyolowa ni kiasi gani. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walijua upepo haugawi sawa. Unaweza kuwa baharia hodari, ukachagua upande wa kulia wa bahari kwa sababu zote nzuri, na upepo ukamshukia aliye kushoto. Kesho unageuka. Ukihesabu siku nyingi, bahati hujifuta yenyewe na ujuzi hubaki juu. Ukihesabu siku moja, hujui umepima nini. Ndiyo maana tangu zamani mashindano ya matanga ulimwenguni huendeshwa kwa mbio nyingi, na nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi.

Kwa ubao wa siku hizi jambo hili limezidi. Ule wa zamani ulielea. Huu wa iQFOiL una mguu mrefu chini yake, na mwisho wa mguu kuna bawa. Ubao ukishika kasi bawa huunyanyua nje ya maji, ukawa unakwenda hewani. Wanawake hubeba tanga la mita 8 za mraba, wanaume 9. Upepo ukiwepo, ni uzuri wa kutazama. Lakini ukipita kwenye shimo la upepo, ubao huanguka majini, na kuunyanyua tena ni kazi ya kupepea tanga kwa mwili mzima. Aliyeanguka na anayeruka ni kama mtu wa miguu na mwenye pikipiki. Katika ubao wa namna hii kosa dogo, au hata lisilo kosa, hugeuka mita mia kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Na kwa watatu tu majini kuna hesabu nyingine ambayo kila aliyewahi kushika usukani wa mashua anaijua: wawili wakikabana, wa tatu hupita. Sasa mmechukua chombo kinachoadhibu kuliko vyote vilivyotangulia, mkakipa mbio moja ya kuamua.

Halafu kuna ile mnayoiita zawadi. Aliyeongoza anakwenda fainali moja kwa moja. Inasikika vizuri. Lakini wenzake wamekwisha kushindana siku ile, kwenye maji yale yale. Wameuonja upepo, wamejua ni upande gani unaopumua, damu imechemka. Yeye ametoka kwenye kusubiri. Ni kweli wao wamechoka zaidi. Mjadala wa nani ana nafuu hauna mwisho. Ila mkitoa zawadi ambayo mpewaji hana hakika kama ni zawadi au ni adhabu, irudieni muitazame.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba dawa mnayo, na mliitumia katika Michezo hii hii, bahari hii hii. Mbio za tiara, zile za kuvutwa na kishada kikubwa, nazo zina fainali, lakini aliyeongoza hatua ya kwanza aliingia na ushindi mbili mkononi, wa pili akaingia na ushindi mmoja, na waliotoka nusu fainali wakaingia mikono mitupu. Anayefikisha ushindi tatu ndiye bingwa. Mtazamaji anaelewa, wa mwisho bado ana tumaini, na kazi ya wiki nzima haikutupwa. Kwa nini aliyeongoza kwa tiara ajiwekee akiba, na aliyeongoza kwa ubao afike kama mtu aliyeibiwa njiani? Chama ni kimoja. Walioandika kanuni hizi hukutana chumba kimoja, nadhani.

Najua mtakavyonijibu, maana hata barazani nimejibiwa. Rafiki yangu mmoja, mpenda riadha, aliniuliza: mbona Kipyegon akishinda mchujo haendi fainali na sekunde mbili mfukoni? Swali zuri, lilininyima raha jioni nzima. Jibu langu ni hili. Uwanja wa riadha ni ule ule kwa kila mtu, hauna shimo la upepo kwenye njia ya tatu. Na katika mchujo mwanariadha hukimbia kwa akiba, kila mtu anajua kwamba anatafuta kupita tu. Kwenye ubao wa tanga, kila mbio ya hatua ya kwanza inapiganiwa, kila nafasi inaandikwa, kila siku orodha inatolewa na jina linakaa juu. Kama mnataka iwe mchujo, iiteni mchujo, na msiwachome watu jua siku zote zile kutafuta wa kwanza na wa pili ambao hamtawahesabu.

Mwingine akaniambia, lakini nyinyi wenyewe hapa Lamu mashindano ya mashua ni mbio moja tu, na hakuna anayelia. Anayelia yupo, aje nimwoneshe nyumba. Ila pale hakuna aliyeambiwa ashinde wiki nzima kwanza ndipo aambiwe wiki ile haikuwa na maana. Na anayeshindwa pale husubiri sikukuu ijayo, hasubiri miaka minne.

Kwa wapenda mpira nitasema hivi: Gor Mahia wamechukua ligi ya Kenya msimu huu. Fikirieni siku ya mwisho wangeambiwa warudi uwanjani na wa pili na wa tatu, mechi moja, mshindi abebe kombe. Nairobi isingekalika.

Nayajua pia yaliyowasukuma. Televisheni inataka anayevuka mstari wa kwanza awe ndiye bingwa. Tokyo mwaka 2021, mbio za mwisho pale Enoshima zilihesabiwa pointi mara mbili, na hesabu ikaja hivi: Lu Yunxiu wa China 36, Charline Picon wa Ufaransa 38, Wilson 38. Kwa sisi tunaopenda mambo haya, ni utamu mtupu. Kwa mtu aliyefungua televisheni dakika kumi zilizopita, ni mtihani wa hisabati. Na hofu yenu ina mizizi: Mei 2012 chama chenu, kikiwa bado na jina lake la zamani, kilipiga kura kuuondoa ubao wa tanga katika Michezo ya Rio na kuweka tiara mahali pake, kisha Novemba mwaka ule ule mkairudisha kauli. Mchezo ulioponea chupuchupu hivyo hutafuta kila namna ya kupendwa. Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni kwamba njia ya kupendwa ni kumfanya aliyeongoza aonekane mjinga mbele ya dunia.

Tazameni majina ya wanawake waliopita. Mchezo huu ulipoingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, wanawake hawakuwa na mashindano yao. Walingoja mpaka Barcelona 1992. Dhahabu ile ya kwanza aliichukua Barbara Kendall wa New Zealand, akarudi 1996 akapata fedha, akarudi 2000 akapata shaba. Alessandra Sensini wa Italia alipata medali katika Michezo minne mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2008, na kati yake dhahabu ya Sydney. Picon alishinda Rio 2016, akazaa, akarudi kupata fedha ya Tokyo. Mbao zilibadilika, kutoka Lechner hadi Mistral hadi RS:X, bahari zikabadilika, majina yakawa yanarudi. Hiyo ndiyo alama kwamba mizani inapima kitu. Bahati haiwezi kumpa mtu mmoja medali nne katika miaka kumi na miwili.

Na katika majina hayo liko moja ambalo mimi hulipenda kuliko yote, mnisamehe nikikawia hapo. Lee Lai Shan. Alizaliwa Cheung Chau, kisiwa kidogo cha wavuvi huko Hong Kong, na mwaka 1996 katika bahari ya Savannah alipata dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Hong Kong. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikalipeleka nyumbani kama habari ya jamaa: mtoto wa kisiwa, wa watu wa nyavu, ameshinda dunia kwa tanga. Dada zangu waliuliza ubao wenyewe unauzwa wapi. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamesahau, kwa sababu haukuwa ukiuzwa mahali popote tunapopajua. Lakini kwa muda ule waliamini kwamba njia ipo, na njia yenyewe inaeleweka: ukiwa hodari siku nyingi, utashinda. Sasa nikimwambia binti wa hapa habari za Wilson, nitamwambia njia gani?

Wilson huyo, kama mnavyojua, ni mtoto wa Penny Way, mmoja wa wanawake waliokuwamo Barcelona 1992 na tena 1996. Mama aliingia mlango ulipofunguliwa mara ya kwanza. Binti amepata shaba mbili, Tokyo na Marseille, na amesema anatoka.

Michezo ijayo ni Los Angeles, kule kule mchezo huu ulipoanzia. Mna miaka minne, ambayo kwa kamati ni kama wiki nne. Ninaloomba si kurudi kwenye karatasi na kalamu. Ibakisheni fainali, ibakisheni hata na watu wachache mkipenda, lakini isiwe mbio moja. Aliyeongoza aingie na ushindi mmoja mkononi. Anayefikisha ushindi mbili ndiye bingwa. Kwa hiyo yeye anahitaji mbio moja, wenzake wanahitaji mbili. Mtoto wa madrasa ataielewa kabla mtangazaji hajamaliza kuieleza. Upepo ukimsaliti mara moja, ana nafasi ya kujibu. Ukimsaliti mara mbili, basi, hata babu angesema ndiyo siku yake. Kama mna njia iliyo bora kuliko hii, ileteni, mradi wiki nzima iwe na uzito fulani.

Na kabla ya kuandika, waulizeni wanaopanda mbao. Simaanishi fomu ya kujaza kwenye intaneti. Kaeni nao chini, wanawake na wanaume, kwa sababu kanuni hii inawabana wote sawa. Wapeni nafasi ya kusema wakiwa hawajamaliza mbio, mapigo ya moyo yakiwa yametulia, ili msije mkasema kwamba aliyelalamika ni aliyeshindwa tu. Muulizeni Maggetti pia. Pengine atawashangaza, pengine atanishangaza mimi.

Mkutano wenu wa mwaka ni Novemba, Singapore. Naomba jambo hili liwekwe mezani kwa jina lake, lipigiwe kura waziwazi, na itangazwe nani alinyanyua mkono upande upi. Huku kwetu Novemba ni wakati wa maleleji, upepo haujui uende wapi na mashua nyingi hukaa zimefungwa, kwa hiyo nitakuwa na nafasi ya kusoma kumbukumbu za kikao chote.

Wenu,
Mjukuu wa nahodha, Lamu